Miti Ambayo Mzee Njeru Hakuitia Alama

Juzi kule kitaluni, mlipokuwa mkijaza udongo kwenye mifuko ya miche, nilimsikia mmoja wenu akiwachekesha wenzake juu ya nyapara kipofu. Ati zamani za Emajensi, wakati wa vita vya msituni na Wazungu, kulikuwa na nyapara mmoja hapa kwenye steshoni ya msitu, mzee asiyeona, na wadudu wakala kipande kizima cha saiprasi mbele ya pua yake, yeye akipita tu na shoka akipapasa hewa. Mkacheka mpaka mkashika mbavu. Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda nikipepeta mbegu. Mtu akistaafu hapa, watu hudhani amekuwa kiziwi pia.

Sikusema kitu siku hiyo kwa sababu nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira naongea Kiembu kitupu na nusu yenu hamkielewi. Nimetulia. Sasa kaeni chini.

Huyo nyapara aliitwa Njeru, na alikuwa baba mkwe wangu. Hakuwa kipofu. Haki ya Mungu, hakuna mmoja wenu mwenye macho kama yale. Yeye mwenyewe alinikataza kusema. "Miti ilikufa kweli," alikuwa akiniambia, "waache waseme." Nikanyamaza akiwa hai, nikanyamaza hata tulipomzika. Lakini mume wangu na majirani waliojua ukweli nimeshawazika, na hakuna tena mtu ambaye maneno yangu yanaweza kumtia taabuni. Sitaki kwenda na jambo hili kifuani.

Kwanza mjue mdudu, maana bila yeye hamtaelewa lolote. Mbawakawa wa magome ni mdogo kuliko punje ya mchele. Mti wenye nguvu unamshinda. Akiutoboa, unamzamisha kwa utomvu, anafia pale pale mlangoni. Anachotafuta ni mti uliochoshwa na kiangazi, au gogo lililokatwa likaachwa na gome lake. Hapo anaingia, anachimba njia chini ya gome, anataga mayai kando kando, na watoto wakitoka kila mmoja anachimba kichochoro chake kwenda pembeni. Ukiambua gome unakuta mchoro kama tandu mwenye miguu mingi. Chakula cha mti hupita hapo hapo chini ya gome. Vichochoro vikishazunguka shina, mti umekwisha.

Na ubaya wake ni huu: mti ukishakufa, kilele hakikwambii. Kinakaa kijani kwa muda kikikudanganya. Halafu kinafifia, kinakuwa cha manjano, kisha chekundu kama udongo wa huku kwetu, na mwisho majani yanapukutika, mti unabaki uchi. Ukingoja mpaka kilele kiwe chekundu, wadudu wengi wameshatoboa na kuruka kwenda kwa jirani. Kwa hiyo nyapara anayejua kazi haangalii juu. Anapiga magoti. Anatafuta unga mwembamba wa rangi ya ugoro kwenye nyufa za gome, na kwenye utando wa buibui pale mizizini, maana buibui huukamata vizuri. Nimewaambia hili la buibui mara nyingi na bado mnatembea mkitazama mawinguni.

Mzee Njeru akiuona unga, alikuwa anautia mti alama. Pigo moja la shoka, gome linaruka, ubao mweupe unaonekana. Wakataji wakija nyuma yake wanauangusha huo tu. Sisi wanawake tunaambua gome kwa vyuma vyetu bapa, na magome yanachomwa siku hiyo hiyo, watoto wa mdudu wakiwa bado ndani. Hiyo ndiyo kazi yote. Leo mna misumeno ya petroli na simu za kupiga picha, lakini ukichelewa umechelewa.

Sasa, Emajensi. Msinione ninaisema kwa kifupi mkadhani ilikuwa fupi. Tulitolewa kwenye maboma yetu tukapangwa kijijini, nyumba kwa nyumba, handaki limezunguka pande zote na homugadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali, juu ya mnara. Kando ya msitu wote tulichimba handaki lingine, sisi wanawake, na ndani yake tukasimika vigingi vilivyochongwa. Vigingi vilitoka wapi? Msituni. Miti michanga ya saiprasi ilikatwa ovyo, ikachongwa ncha na kusimikwa na gome lake. Nguzo za minara, na gome lake. Njia pana zilifyekwa ili askari waone mbali, na magogo yakaachwa yamelala pale pale. Mzee Njeru aliposema yaambuliwe, aliambiwa hiyo ni vita, si bustani. Mvua nazo zikakataa mwaka huo. Mdudu alikuwa ameandaliwa karamu na watu wenye bunduki.

Na moshi ulikuwa umekatazwa. Moshi ukionekana juu ya miti, ndege inakuja. Siku moja tulichoma magome kwa ruhusa, lakini aliyetoa ruhusa hakuwaambia wenye ndege. Tulisikia mngurumo, tukalala chini, na ardhi ikaruka kule ng'ambo ya mto. Rafiki yangu Ruguru, tuliyeambua naye kila siku, alipoinuka alikuwa amekumbatia gogo. "Wawira," akasema, "kama ningekufa wangenizika na huyu, wangedhani ni bwana yangu." Tulicheka huku meno yakigongana. Baada ya hapo tukaambiwa tuanike magome juani, upande wa ndani ukiangalia juu. Ni njia nzuri mkiwa na jua. Lakini huku mlimani ukungu ukishuka unakaa, nyinyi wenyewe mnaujua, na mdudu anakomaa chini ya ukungu bila shida yoyote.

Mimi nilizaliwa Karurumo nikaolewa huku juu. Mume wangu, Nyaga, alikuwa mtoto pekee wa kiume wa Mzee Njeru. Hatukuwa tumekaa pamoja sana kabla hajaingia msituni na wenzake kupigana. Watu tuliwaambia yuko Meru mjini anafanya useremala. Homugadi walisikia, wakanyamaza, wakawa wanatuangalia. Mama yake alikuwa amekufa zamani, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili: mimi na baba mkwe.

Hapa lazima niwaeleze nthoni, kwa sababu nyinyi siku hizi mnasalimiana na wakwe zenu mkipigana mabega. Nthoni ni ile heshima yenye aibu ndani yake. Sikumwita jina. Sikumtazama usoni. Nilimwekea chakula juu ya kigoda nikatoka, yeye akaingia. Mkono wake sikuugusa hata siku moja. Nyumba nyingine hazikuwa kali hivyo, lakini Mzee Njeru alikuwa mtu wa zamani, na yeye naye hakuniambia neno ana kwa ana.

Basi fikirini, mtu huyo ndiye aliyepaswa kunifundisha kazi. Alifanyaje? Aliongea na magogo. Alikuwa anakuja pale nilipochuchumaa na chuma changu, anasimama ameelekea kwingine, na kuliambia gogo, "Wewe gogo, anayekuambua anaanzia kileleni. Atachoka bure. Kwako mtu anaanzia kitakoni." Anaondoka. Mimi nahamia kitakoni. Siku nyingine, "Wewe gogo, chuma kimeshikwa kama mwiko wa ugali." Ruguru alikuwa anakufa kwa kicheko. Lakini nilijifunza kila kitu hivyo, na mpaka leo sijapata mwalimu mzuri kama yule aliyenipa mgongo.

Kwa hiyo nilipokuwa nimeijua kazi, niliona kitu kilichonisumbua. Chini karibu na mto kulikuwa na kichaka cha saiprasi ambazo hazikuwahi kupunguzwa, zimesongamana mpaka mchana ndani yake ni giza, na miiba imejaa chini. Nilipita kando yake nikienda kuchota maji ya kunywa, nikaona unga. Unga mwingi, kila mti wa ukingoni. Nikatafuta alama za shoka. Hakuna hata moja.

Nilidhani amesahau. Nikamwambia Ruguru amwambie, kwa adabu, kwamba kule mtoni kuna unga. Ruguru akaenda, akarudi uso umemkauka. "Amesema kila mtu aambue gogo lake."

Jioni hiyo, tukijipanga kuhesabiwa kabla ya kurudi kijijini, alikuja akasimama kando ya gogo langu. Homugadi alikuwa mbali akiwasha sigara. Mzee akaliambia gogo kwa sauti ya chini sana. "Wewe gogo. Kile kichaka kina mgeni. Mguu wake una risasi, hawezi kutembea. Mgeni huyo ni wa nyumba yetu." Akamtupia jicho homugadi. Halafu akaongeza, "Anapenda viazi vitamu."

Nyaga! Nilikuwa nimemlilia kimoyomoyo kama mtu aliyekufa, na kumbe yuko hapo chini, ng'ambo ya miiba, anasikia chuma changu kikikwaruza.

Tangu siku hiyo tulianika magome yetu kando ya kile kichaka. Mzee ndiye aliyepachagua, akisema pana jua. Hapakuwa na jua lolote. Mimi niliweka viazi, au kipande cha nduma, chini ya gome la mwisho, na kesho yake nikiliinua palikuwa patupu. Sikumwona. Siku moja tu niliona vidole vikivuta gome moja ndani ya miiba, vimekonda, vina kucha ndefu. Nikaendelea kuambua. Machozi yalinitoka, Ruguru akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Hizi saiprasi zina utomvu mbaya, macho yatatuishia." Yule mwanamke, Mungu amlaze pema.

Sasa mnaona shida ilipo. Ile miti ikitiwa alama, wakataji wataingia na homugadi nyuma yao, na Nyaga atapigwa risasi akiwa amelala. Isipotiwa alama, itakufa, na ikifa majani yatapukutika. Ndege zilipita karibu kila siku. Kichaka kile kilikuwa nyumba kwa sababu kilikuwa na paa. Mzee Njeru alijua, kuliko mtu yeyote katika mlima huu, paa hilo litadumu kiasi gani. Kwa hiyo wote wawili tuliangalia juu. Yeye aliyenifundisha nisiangalie juu, nilikuwa namwona kila asubuhi akipita, anajifanya anafuta jasho, anainua macho. Vilele vilikuwa bado kijani. Halafu asubuhi moja vilikuwa vimefifia.

Na wadudu hawakungoja. Waliruka kutoka pale wakaingia kipande kilichofuata, kizuri, kilichonyooka, ambacho Mzee Njeru alikipanda mwenyewe akiwa kijana. Nilimwona akipita katikati ya miti ile na shoka, akiutia alama mmoja, mwingine, mwingine, wote wake, na usiku hakula. Kesho yake aliliambia gogo langu, "Mguu unapona?" Mimi, nikiogopa sana, nikalijibu gogo, "Juzi palikuwa na alama za mtu aliyejiburuta, jana nyayo za mtu aliyesimama." Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu. Akakohoa, akaenda zake.

Vilele vikawa vya manjano. Vikaanza wekundu. Siku hiyo mkubwa wa homugadi, mtu wa kwetu hapa na jina lake nalimeza kwa sababu wajukuu zake ni watu wema, alisimama barabarani akanyoosha fimbo kuelekea mtoni. "Mzee, mbona kule kote kumekuwa kwekundu na hakuna mti umekatwa?"

"Nitapaangalia," Mzee akasema.

"Bwana Misitu anakuja kesho. Atapaangalia yeye." Huyo Bwana Misitu alikuwa Mzungu, mkubwa wa steshoni yetu.

Mzee akaja kwenye gogo langu. "Wewe gogo," akasema, "kesho shoka linaingia mtoni." Kazi iliyobaki ilikuwa yangu.

Nikabeba magome yangu hadi kwenye kichaka. Nikaanza kuyapanga, na nikaongea kama yeye, nikiwapa homugadi mgongo. "Wewe gome," nikasema, "kesho asubuhi shoka linaingia hapa. Anayelala hapa asilale. Apande mlima, apitie juu kwenye mianzi, aende upande wa Meru. Asituage." Nilitaka nisikie sauti yake, hata kikohozi tu, na nilijua nikiisikia nitashindwa kuondoka. Sikuisikia. Nikaondoka.

Asubuhi tulienda wote, wakataji, sisi wenye vyuma, homugadi, na Bwana Misitu na gari lake. Mzee mwenyewe alipiga shoka la kwanza, kule chini kabisa, na alilipiga kwa nguvu kupita mahitaji ya mti mwembamba kama ule, ili sauti ifike. Miti ikaanguka mmoja mmoja. Ilikuwa mikavu, magome yanabanduka yenyewe ukiyagusa. Tulipofika katikati, homugadi mmoja akapiga kelele.

Nyaga hakuwepo. Lakini kitanda chake kilikuwepo, magome yamepangwa vizuri, laini upande wa juu, na maganda ya viazi yamefukiwa nusu. Mkubwa wa homugadi aliinua gome moja akaligeuza. "Hili limeambuliwa na chuma," akasema. "Hiki ni chuma cha watu wenu."

Bwana Misitu hakujali kitanda sana. Yeye alijali miti. Alizunguka akivunja magome kwa kidole, uso unazidi kuwa mwekundu. "Njeru! Hii miti nakufa zamani. Miezi mingi. Wewe hapana weka alama hata moja. Kwa nini?"

Ndipo nikaona shimo lililokuwa limetungoja. Nyapara aliyesifiwa mlima mzima ameacha kichaka kimoja, na ndani ya kichaka hicho kuna kitanda cha mtu. Hata mtoto angeunganisha. Mkubwa wa homugadi alikuwa ameshaunganisha, alikuwa amefungua kifuniko cha mkoba wa bastola yake. Kwa jambo kama hilo watu walinyongwa, jamani. Si hadithi.

Mzee Njeru aliliweka shoka chini. Halafu akainua uso, polepole, akautazama mti uliokuwa mbele yake, mwekundu toka kileleni hadi matawi ya chini.

"Bwana," akauliza, "kwani umebadilika rangi?"

Wakataji waliokuwa wamefanya kazi naye maisha yao yote walitazama chini.

"Anadanganya," akasema mkubwa wa homugadi. "Huyu anaona chawa kwenye mgongo wa ng'ombe aliye mbali kule Siakago." Akanigeukia mimi. "Wewe. Wewe ndiye mkwe wake, unaishi naye. Sema mbele ya Bwana. Macho yake ni mazima ama si mazima?"

Mkaza mwana hamsemi baba mkwe mbele ya watu. Hataji mwili wake, hataji udhaifu wake. Ni kama kumvua nguo. Na yule alikuwa mtu ambaye kitu pekee alichokuwa nacho duniani, ukiacha mtoto wake, ni yale macho. Kila mtu pale alimjua kwa macho yake. Niliiangalia miguu ya Bwana Misitu nikasema kwa sauti kubwa.

"Yamekwisha, Bwana. Hata uji namshikisha bakuli mkononi. Amekuwa akipiga alama kwa kupapasa na kwa kuuliza wakataji. Tumeficha asifukuzwe kazi."

Bwana Misitu akashusha pumzi. Hilo aliliamini upesi, nafikiri kwa sababu alikuwa ameona wazee wengine wakificha hivyo hivyo. Lakini yule mkubwa wa homugadi hakuamini. Akamwambia Mzee, "Haya, tembea. Nenda mpaka kwenye gari."

Njia ilikuwa imejaa mashina yaliyokatwa na matawi yenye ncha. Mzee Njeru alikuwa anaijua ardhi ile kuliko kitanda chake. Akatembea. Akafika kwenye gogo lililolazwa njiani, gogo ambalo hata kuku angelipita, akalikanyaga vibaya, akaanguka kifudifudi bila kutanguliza mikono. Tawi likampasua juu ya jicho. Akabaki hapo, damu inaingia machoni, anapapasa majani. Mmoja wa homugadi alicheka. Mkubwa wao hakucheka, lakini alifunga kile kifuniko cha bastola.

"Toa yeye hapa," Bwana Misitu akasema. "Yeye hapana kazi tena. Mzee maskini."

Hakuna mwanamume aliyesogea, walikuwa wanaogopa. Mzee akanyoosha mkono hewani, akingoja. Nikaweka chuma changu chini, nikaenda, nikamshika. Mkono ule ambao sikuwa nimeugusa tangu niolewe ulikuwa mgumu kama gome. Nikamwongoza katikati ya watu aliowafundisha kazi, nikimwambia, "Inua mguu, Baba, hapa kuna shina. Hapa kuna jiwe." Na yeye akainua mguu kila nilipomwambia. Tulipita kando ya kile kipande alichokipanda kwa mikono yake, nusu yake tayari ina alama nyeupe, na hakugeuza kichwa.

Sehemu kubwa ya kipande hicho ilikatwa. Kilichobaki kilikufa mwaka uliofuata. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu hakutaka nimtetee.

Upofu, ukishauanza, huwezi kuuacha. Mkubwa wa homugadi alikuwa anapita kwetu wakati wowote. Mara anarusha mawe mbele ya Mzee, mara anamnyooshea kikombe upande usio wake. Mzee alikaa mlangoni na fimbo, macho amefumba, mpaka mtu aliyeona mchwa juu ya gome akawa mtu wa kushikwa mkono kwenda chooni. Nilimwongoza kanisani, nilimwongoza mkutanoni. Mimi nilirudi kwenye kuambua, maana tulipaswa kula, na jioni alikuwa akiniuliza, sasa akiongea na mimi na si na gogo, unga umeonekana wapi leo. Namweleza. Anakaa akifikiri. "Wekeni gogo la mtego kivulini," anasema. "Bichi. Wataingia wote humo, halafu mliambue." Tulifanya hivyo, na hilo ndilo lililookoa vipande vya juu ambavyo nyinyi mnavipunguza leo. Waliosifiwa ni wengine.

Juu ya Nyaga hatukujua kitu. Tulisikia kuna watu walishikwa upande wa Meru, wakapelekwa kizuizini mbali, kwa majina yasiyo yao. Tulisikia wengine walifia kwenye mianzi kwa baridi. Mzee hakuuliza. Na mimi nilikuwa naogopa kuota.

Halafu vijiji vilianza kufunguliwa. Vigingi viling'olewa, handaki likaanza kujaa udongo na watoto wakawa wanaruka ndani yake wakicheza. Alasiri moja tulikuwa tumekaa nje tukikoboa maharagwe, mimi na Ruguru na akina mama wengine, na Mzee kwenye kigoda chake karibu na ukuta, kidevu juu ya fimbo, macho yamefumba kama kawaida yake. Watu walikuwa wanatoka sokoni, wanapanda kilima wachache wachache, bado wako mbali sana ng'ambo ya daraja. Mimi niliona watu tu.

Mzee Njeru akainua kichwa. Akafumbua macho, yote mawili, akayatuliza kule chini.

"Amekonda," akasema.

Ruguru akaacha maharagwe. "Nani, Mzee?"

Mzee alisimama, akaiegemeza fimbo ukutani, akaniangalia usoni mimi, mke wa mtoto wake, kwa mara ya kwanza. "Wawira," akasema, "weka chakula motoni." Kisha akaruka handaki na kushuka kile kilima mbio, mzee mzima, akikwepa mawe na mashimo, mbele ya watu wote.